Sharubu za Chui

Juzi wajukuu zangu wamepoteza mbwa. Wamejenga kule juu, mabati yao yamefika mguuni mwa mlima, na asubuhi wakakuta umebaki mnyororo mtupu. Wakaja kuniuliza kama ni fisi. Nikawaambia nendeni kijitoni, mtazame kwenye mchanga mlaini. Wakarudi macho yamewatoka. Nyayo za mviringo, hazina alama ya kucha. Huyo ni chui, nikawaambia, na nyie ndio mmejenga kibarazani kwake.

Basi wakataka niwasimulie chui wa zamani, wa enzi ya Mdachi. Nikasimulia nusu. Nusu nyingine naiandika hapa, maana iko tumboni mwangu tangu sijavunja ungo, na mdomo umeikataa. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo msitafute mapambo. Majina ya watu wote ninayo, hata majina ya mbuzi wetu ninayo. Sitayaweka. Wajukuu wa watu hao tunapeana shikamoo sokoni mpaka leo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho mjini Morogoro. Ukisimama mlangoni ukitazama chini, unaona maduka ya Wahindi, nyuma yake stesheni na moshi wa gari moshi. Ukigeuka, unaona migomba yetu, kijito, halafu mlima unaanza, hauna habari na mtu.

Chui tuliishi nao. Wadachi walikuwa wamewakataza watu kuwinda kwa nyavu, na msitu wa juu wakauwekea mipaka, na huku chini mji ulikuwa umejaa mbwa, mbuzi na mifupa ya machinjioni. Chui akashuka kufuata kijito kama sisi tunavyofuata njia. Mbuzi wetu walilala ndani, sebuleni, na harufu yao ndiyo harufu ya utoto wangu. Jioni jua likiegemea mlima, mama alikuwa akisema, "Ingizeni watoto wote, wa miguu miwili na wa miguu minne." Asubuhi tukienda kuchota maji tulikuwa tukiongea kwa sauti kubwa njia nzima, hata kama hatuna la kusema, ili mwenyewe asikie apishe. Mara nyingine tulimsikia kwenye magugu, anakoroma kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno, mara tatu, mara nne, kisha kimya. Tukisikia hivyo tulirudi na ndoo tupu, na mama hakugomba.

Baba alikuwa ameshakufa kwa homa, mimi ningali mgongoni. Lakini kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, na mtoto ni wa mjomba. Shamba letu la mpunga wa mlimani lilikuwa mkononi mwa mjomba, mahari yangu ingepokelewa na mjomba, na neno la nyumba yetu barazani lilikuwa la mjomba. Alikuwa kaka yake mama, mtu mfupi, mwenye vidole vinene vilivyojua kazi ndogondogo. Alikuwa ananiita "mama", kwa kuwa niliitwa jina la mama yao. Nikimpa shikamoo, alikuwa anaitikia, "Marahaba mama, umenipikia nini?" Na mimi nilikuwa sijapika chochote.

Mjomba alijua mitego. Sasa hapo lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo mengine hamtayaelewa.

Kwetu sharubu za chui ni sumu. Zikikatwakatwa zikatiwa kwenye uji, aliyekunywa tumbo linamsokota wiki nzima, mwezi mzima, mpaka anakwisha. Wasomi wa siku hizi wanasema si kweli, na mimi sibishani nao. Lakini siku zile waliamini wote, wanaosali swala tano na wa misheni kule milimani. Kwa hiyo chui akiuawa, uso wake unafunikwa kwa jani la mgomba, na hakuna anayegusa mpaka jumbe na wazee wa koo wafike. Hapo aliyemuua anachukua kijinga cha moto, anaziunguza sharubu zote mbele yao, na wao wanasema kwa sauti, "Tumeona." Neno hilo ndilo kinga yake. Lisiposemwa, siku yoyote mtu mjini akifa kwa tumbo, watu watamtazama aliyeua chui.

Mwaka ule, masika yakiwa yanaisha, chui alimchukua mbwa wa Mdachi mmoja aliyekuwa na shamba ng'ambo ya kijito. Mbwa mwenyewe wa Ulaya, masikio kama majani ya magimbi. Alimchukua wakati wa magharibi, barazani, bwana wake anakunywa kahawa. Kesho yake jumbe akapanda kwetu, kavaa kanzu yake ya kazi, anatweta. Mjomba alikuwa ukumbini na mtani wetu, mzee wa ukoo wa jirani, na mimi nilikuwa napepeta mchele.

"Mdachi anamtaka yule chui," jumbe akasema.

"Nitamtegea," mjomba akasema.

"Anamtaka mzima. Ngozi yote, uso wote, meno, sharubu. Anapeleka kwao, watundike ukutani."

"Sharubu zinaungua, Jumbe. Wewe unajua."

"Najua. Nenda kamwambie wewe."

Mtani akadakia: "Mpelekee Mdachi jumbe wetu huyu. Sharubu anazo, na kucha anazo, hatajua kama amedanganywa."

Tukacheka, hata jumbe alicheka kidogo. Utani wa koo haukasirikiwi. Lakini mjomba hakucheka. Akasema, "Basi sikiliza. Ngozi ikikauka, wewe uje na wazee. Mtazihesabu sharubu mbele ya watu, na Mdachi azipokee mbele ya watu, mseme mmeona. Zikitoka mikononi mwangu hivyo, mimi sina deni nazo."

"Nitakuja Jumamosi," jumbe akasema.

Mtego wa mjomba ulikuwa wa gogo. Alichimbia nguzo pande mbili karibu na kijito, ikawa kama kichochoro, na mwishoni akatenga chumba kidogo cha fito ambamo anafungwa mwanambuzi. Chui akiingia kumfuata, anakanyaga kijiti, na gogo linamwangukia mgongoni. Mwanambuzi alikuwa wangu. Nilimwombea asichukuliwe yeye, mjomba akasema, "Hatamfikia, mama. Fito ni nene." Na kweli hakumfikia. Asubuhi ya pili tulikuta chui amevunjika mgongo, bado macho yanaona, na nyuma ya fito mwanambuzi wangu amekufa kwa hofu, hana hata alama. Mjomba akamaliza kazi kwa mkuki, akakata jani la mgomba, akamfunika chui uso. Aliniruhusu nimzike mbuzi wangu mwenyewe.

Alimchuna siku hiyohiyo, taratibu, uso haukuchanika hata kidogo. Ngozi akaiwamba kwenye fito nne, akaiegemeza ukutani kwetu manyoya nje, ipigwe na upepo. Hiyo ilikuwa Jumatano. Toka hapo hakuondoka pale. Alikula pale, alisuka kamba pale. Watu wa mjini wakaja kutazama, akawasimamisha mbali. Wanawake wa milimani waliokuwa wakishuka na ndizi wakapita upande wa pili wa njia, wamegeuza nyuso. Alhamisi jioni nikamsikia akimwambia mama:

"Mdogo wangu, siku mbili hizi ni ndefu kuliko masika. Ukipotea hata unywele mmoja pale, na mtu akaumwa tumbo huko chini, shingo ni yangu."

Mama akasema, "Si ungeziunguza tu, kaka?"

"Mdachi je?"

Mimi nilikuwa nimelala mkekani, nikayabeba maneno yale. Shingo ya mjomba. Niliiona mpaka usingizini.

Ijumaa adhuhuri adhana ikalia. Mama alikuwa shambani. Mjomba alisimama, akatazama chini mjini, akaitazama ngozi. Alikuwa hajawahi kukosa Ijumaa. Akanawa, akavaa kanzu na kofia, akaniita.

"Mama, keti hapa. Asisogee mtu. Nikirudi niikute kama nilivyoiacha."

"Ndiyo mjomba."

Nikaketi. Nilikuwa namwona anavyoteremka, mpaka kofia ikapotea nyuma ya nyumba za chini. Upepo ukawa unatikisa ngozi, na zile sharubu zikawa zinachezacheza, nyeupe, ngumu, kama mifupa ya samaki. Nikawaza kitoto. Nikawaza, kitu kilichopo kinaweza kuibwa, lakini kilichoungua hakiibiwi tena. Wakubwa wote wanataka ziungue. Mjomba anataka, mama anataka, jumbe naye moyoni anataka, wanamwogopa Mdachi tu. Mimi Mdachi hanijui.

Nikazing'oa moja moja. Nyingine nilizivuta kwa meno, zilikuwa zimekazana na ngozi kavu. Moja ilikatikia mkononi. Nilizihesabu kwa kuwa nilijua kuhesabiwa ni sehemu ya kazi ile, zikafika ishirini na tisa. Nikaingia jikoni, nikazitia zote katikati ya mafiga, nikapuliza. Zilijikunja, zikatoa harufu ya kwato. Nikachochea mpaka hakuna kitu. Halafu nikarudi nikaketi palepale aliponiambia niketi, nimefurahi, nasubiri mjomba arudi anisifu.

Alirudi akiwa ametabasamu, ana kashata mkononi aliyoninunulia. Akaitazama ngozi. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale usoni kama limesahauliwa.

"Ziko wapi?"

"Nimeziunguza mjomba. Zote. Hazitapotea tena."

Akachuchumaa mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Nani alikuona?"

"Hakuna mtu aliyeniona mjomba," nikasema, na nilisema kwa kujivuna, nikidhani ndilo jibu jema. "Nilikuwa peke yangu."

Akaketi chini kabisa, na kanzu yake ya Ijumaa, kwenye vumbi. Kashata akanipa. Niliila. Hilo nalo nalikumbuka.

Mama aliporudi wakazungumza ndani, nami nikawasikia. Mjomba alisema mtoto apelekwe barazani aseme. Mama akalia, akasema, "Kaka, watasema nimemtuma. Watasema mwanamke mjane anakaa mwisho wa mji na sharubu za chui. Na huyu nani atamuoa, mtoto aliyeng'oa kwa meno?" Kisha mjomba akasema, "Basi mtoto hakuwepo. Nimeziunguza mimi." Akaniita, akanishika masikio yote mawili, taratibu. "Umesikia? Ulikuwa shambani na mama yako. Ukisema vingine, utamuua mama yako." Nikasema nimesikia.

Kilichobaki ni shahidi. Mjomba akaenda kwa mtani kabla ya magharibi, nikamfuata kwa nyuma. Mtani alikuwa anachonga mpini.

"Mtani, nataka uniazime macho yako," mjomba akasema.

"La kushoto au la kulia? La kulia lina ukungu, nitakupa bei nafuu."

Mjomba akamwambia. Kwamba ameziunguza mwenyewe, kwa hofu, bila mtu, na sasa anahitaji mzee mmoja tu aseme ameona. Mtani akaacha kuchonga.

"Uliziunguza kweli?"

"Kweli tupu. Jivu liko jikoni kwetu."

"Apa."

Mjomba akaapa kwamba zimeungua. Kiapo hicho kilikuwa cha kweli, hakusema nani. Mtani akasema, "Mtani wangu ni mjinga, lakini si mwongo. Nitasimama." Tulirudi nyumbani mjomba anapiga mluzi.

Jumamosi jumbe akaja na wazee wanne, na Mdachi juu ya nyumbu, na askari mmoja. Mdachi akaushika ule uso, akapitisha kidole pale mdomoni palipokuwa na vitundu vitupu. Akasema kitu kwa lugha yake, halafu kwa Kiswahili: "Nani?"

"Mimi, bwana," mjomba akasema. "Ni desturi yetu. Nimeziunguza."

Jumbe akageuka, uso umemshuka. "Mbele ya nani?"

"Mbele ya mtani wangu."

Wote wakamtazama mtani. Alisimama. Naona mpaka leo anavyosimama, magoti kwanza, kisha mgongo. Mdachi akasema, "Na huyu alisaidia kuharibu mali yangu?" Askari akahamisha kiboko kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. Hakufanya zaidi ya hapo.

Mtani akafungua mdomo. Tulidhani atatoa mzaha, wazee wengine walishaanza kutabasamu. Akasema, "Mimi sikuona kitu." Akaketi.

Mjomba akalazwa hapohapo uani kwetu, akapigwa viboko hamsa ishirini. Mimi na mama tulikuwa tumekimbilia ndani, tumesimama kati ya mbuzi. Mama alinibana uso tumboni mwake nisisikie, lakini tumbo halizuii sauti. Nilikuwa nahesabu. Nilipofika ishirini na tano kiboko kikaacha, nikajua zimebaki nne, kwa kuwa sharubu zilikuwa ishirini na tisa. Zile nne sikujua zitakuja lini.

Wazee waliondoka bila kusema tumeona. Toka siku ile, mjomba akikaribishwa uji mahali, watu wanafunika vyombo vyao kwa mkono. Msikitini alipewa nafasi kubwa, kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu. Akawa anasali nyumbani. Mke wa mtani alileta mchicha akauacha njiani, hakufika mlangoni.

Haukupita mwezi, mdogo wake jumbe akaanza kuhara damu. Mwaka ule wengi walihara damu, kijito kilikuwa kimechafuka. Wengine walipona, yeye hakupona. Siku ya tatu ya matanga, askari wawili wakaja kwetu. Walipekua nyumba yote, wakapasua mito, wakamwaga unga. Walitafuta sharubu. Mmoja alichota jivu la jikoni kwa mikono, akalichuja vidoleni, akalitupa. Nikamwona analitupa. Nikasema ndani ya moyo wangu, hilo ndilo, hilo ulilonalo. Mama alikuwa amenishika bega, kucha zimeingia.

Walimuuliza mjomba, "Umezificha wapi?"

"Nimeziunguza."

"Nani aliona?"

"Mungu aliona."

"Huyo hatumwiti shaurini," askari akasema, na mwenzake akacheka.

Alifungwa mnyororo. Kwa siku kadhaa tulikuwa tukimwona na wafungwa wengine, shingo kwa shingo, wakisomba mawe ya barabara. Halafu ikasemwa wanapelekwa pwani. Asubuhi walipopita kwenda stesheni, mama na mimi tulisimama kando ya njia, na mji wote ulikuwa umesimama, na mtani alikuwepo, na jumbe alikuwepo. Nikasema moyoni, akifika hapa nitapiga kelele. Nitasema ni mimi. Mjomba alipokaribia aliniona mdomo unavyofunguka. Mnyororo ulikuwa unamzuia kugeuza shingo, akageuza macho tu.

"Marahaba mama," akasema, na mimi nilikuwa sijamwamkia. "Umenipikia nini?"

Mdomo wangu ukajifunga. Wakapita.

Baada ya hapo nyumba yetu haikuwa na mtu wa kuisemea. Ukoo ukaligawa shamba la mpunga. Mama alipewa kipande cha chini, chenye mawe. Chui wengine walikuja, walichukua mbuzi mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mlango ulikuwa umeoza na hakuna wa kuutengeneza. Tukawa tunawasikia uani mchana kweupe, nao walijua kwamba hakuna mwanamume. Mtani alikufa kabla ya vita. Alipokuwa mgonjwa alimwita mama, mama hakwenda.

Vita vilikuja, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia. Baadaye akapita kwetu mtu mmoja, amekonda, miguu ina makovu ya pingu, anauliza nyumba ya mwisho. Alisema alifungwa pamoja na mjomba, na mjomba alikufa akibeba mizigo ya jeshi, kusini huko, kwa kuhara. Akasema mjomba kila kambi walipokuwa wanaulizana makosa, alikuwa anasema lilelile, "Niliunguza sharubu za chui bila shahidi," na wenzake wakamcheka sana, kwa kuwa wao walikuwa wameiba au wameua. Mama akamchotea maji, akampa ndizi za njiani. Alipoondoka mama akaniuliza, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akachukua jembe.

Mama ameshakufa, jumbe ameshakufa, wote ninaowataja wamekufa. Lakini mjini bado kuna wanaosema ukoo wetu ni wa watu wa sharubu, na binti mmoja wa kwetu aliachwa siku ya posa kwa ajili ya neno hilo, juzijuzi tu. Ndiyo maana nimeandika. Wajukuu, someni barazani, kwa sauti, na wa ukoo wa jumbe waitwe, na wa ukoo wa mtani waitwe.

Zilikuwa ishirini na tisa, moja ilikatika. Niliziunguza mimi, katikati ya mafiga ya mama, siku ya Ijumaa. Mjomba alikuwa msikitini.